Mistari Kumi na Mmoja ya Bawabu

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mwanao mzima, wajukuu wako wazima na wanapigana kama kawaida. Mgonjwa ni mmoja tu, naye ni seva ya hospitali.

Ningepiga simu, ila najua masikio yako na simu hayaelewani tena, na amri za kompyuta mtu akizisema kwa kupayuka ataishia kufuta kisichofutwa. Barua hii nampa dereva wa gari la dawa. Kasema anapita kwako kila Jumanne na Ijumaa na kurudi mjini siku hiyo hiyo, kwa hiyo jibu lako mpe yeye.

Mambo yako hivi. Cheti cha usalama cha Bawabu, ile programu yetu ya mlangoni, kilikuwa kinaisha Jumapili, na toleo lile la zamani lilikuwa halikubali cheti kipya. Mganga Mkuu akaniambia nibadilishe. Nikaliondoa kontena la zamani la Bawabu, kile kijumba anamokaa ndani ya seva, nikaweka jipya, nikalipatia lile lile faili la mipangilio ulilonikabidhi siku unastaafu. Jumamosi mchana taa zote zikawa kijani. Nikaenda zangu nyumbani naimba.

Leo asubuhi mfamasia kafungua ukurasa wa duka la dawa aone madaktari wameandika nini, kafunguliwa daftari la chumba cha maiti. Baba, alipiga ukelele mpaka wagonjwa kwenye foleni wakasimama. Maabara nao wakibonyeza kwao wanaletewa duka la dawa. Wewe ndiye uliyeibatiza programu ile jina la Bawabu, ukanifundisha kwamba kazi yake ni kusimama mbele, kumuuliza kila anayebisha anamtaka nani, kisha kumfikisha kwenye kontena la idara anayoitaka. Sasa huyu Bawabu wetu anawapeleka wazima kwa maiti.

Muda wangu wa majaribio unaisha mwezi huu. Kamati inakaa Alhamisi tarehe 27 kuamua kama naajiriwa au nafungasha virago. Wewe ndiye uliyenipigia debe nikapata nafasi hii, na sitaki kukutia aibu. Nisaidie, baba. Tatizo linaweza kuwa nini?

Mkweo, mke wa mwanao


Alhamisi, 6 Machi

Mama wajukuu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma. Kwanza nimemcheka mfamasia, kisha nimekununia wewe. Si nilibandika karatasi mlangoni kwa wino mwekundu, USIGUSE? Miaka minane Bawabu hakumpoteza mtu hata mmoja. Wewe una miezi mitano umeshawafikisha watu mochwari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, guu limevunjika, tutafute plasta.

Sikiliza. Makontena hugawiwa nambari kwa zamu ya kuamka. Wa kwanza kuamka anachukua ya kwanza, wa pili ya pili. Wewe bila shaka umewaamsha ovyo ovyo. Wazime wote, kisha waamshe kwa utaratibu: mapokezi kwanza, maabara, duka la dawa, eksirei, maiti mwisho kabisa. Maiti hawana haraka. Ukimaliza, toka humo chumbani, funga mlango na usirudi kuchungulia.

Huyo Mganga Mkuu asikutishe. Namjua tangu akiwa mwanafunzi anaogopa sindano.

Waambie watoto babu kasema anayeanza ugomvi ndiye atakayeosha vyombo.

Baba mkwe wako


Jumatatu, 10 Machi

Baba mkwe,

Shikamoo. Asante kwa maelekezo. Niliwaamsha kama ulivyosema, na kwa siku moja nzima kila mtu alifika anakokwenda. Mfamasia akanisalimia tena. Halafu Jumamosi umeme ukakatika. Uliporudi makontena yakaamka yenyewe, kila moja na haraka zake, na mambo yakawa yale yale. Safari hii daktari wa watoto ndiye aliyepelekwa kwa maiti.

Na kuna mapya. Eksirei wakituma picha, Bawabu anaikataa, anasema ni kubwa mno. Maabara wakiomba ripoti ya mwezi, ambayo huchukua kama dakika mbili kuandaliwa, Bawabu anasubiri sekunde sitini tu kisha anakata. Fundi wa eksirei sasa anazunguka na picha za mapafu ya watu kwenye flashi mfukoni. Kila akipita ofisini kwangu ananitazama tu. Afadhali angenitukana.

Nimekaa nalo lile faili. Tarehe ya mwisho kuguswa ni miaka minane iliyopita. Ndani yake kila kontena limeandikwa kwa nambari, na hakuna popote palipotajwa ukubwa wa picha wala muda wa kusubiri. Ndipo nikajiuliza: ndani ya miaka minane umeme umekatika mara ngapi hapa? Kwa faili hili, watu wangeanza kupelekwa mochwari tangu mwaka wa kwanza.

Naomba unisamehe kwa kuuliza, na nauliza kwa heshima zote. Hivi hili ndilo faili lililokuwa linatumika kweli?

Mkweo


Alhamisi, 13 Machi

Mama wajukuu,

Ndilo. Ulidhani nimekupa la bandia?

Mimi nimeingia kazini hapo wewe hujui hata kushika kalamu. Seva ya kwanza ya hospitali ile niliibeba mwenyewe mgongoni kupanda ngazi. Leo mtu wa juzi ananiuliza faili ni lipi. Nyie wasomi wa siku hizi mmejaa vyeti, lakini mkono hamna. Mashine inataka mkono.

Badilisha nyaya za nyuma, zile za buluu. Safisha vumbi. Joto na vumbi vikikutana, mashine huweweseka. Ukishindwa, soma tena maelekezo yangu ya mwanzo, na safari hii usome taratibu.

Msalimie mwanangu. Mwambie namsubiri aje anisaidie habari ya paa.

Baba mkwe wako


Jumatatu, 17 Machi

Baba mkwe,

Shikamoo.

Nyaya nimebadilisha zote, za buluu na zisizo za buluu. Vumbi nimelifuta mpaka nikapiga chafya siku mbili. Bawabu yuko vile vile.

Unajua wananiitaje hapa? Mama Maiti. Jana nimeingia kantini, mmoja akasema, “Mpisheni, asije akatupeleka.” Nikacheka nao, maana ningefanyaje? Nikaenda chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kwenye mashine. Wagonjwa wanasubiri majibu saa tatu kwa sababu karatasi inatembezwa kwa miguu. Bibi mmoja kaniuliza kama kompyuta nayo hulazwa. Nimechoka, baba. Maji yamenifika shingoni.

Jana nimemwambia mwanao kuna kitu nahisi hakijasemwa. Akanijibu, “Baba ni baba, usimchokonoe.” Najua mkwe hamhoji baba mkwe. Nimelelewa, adabu ninayo. Lakini zimebaki siku kumi kamati ikae, na sina mwingine wa kumuuliza.

Nafikiri hivi. Mtu akiingia ndani ya kontena na kubadilisha mipangilio kwa mkono, mabadiliko yanabaki humo humo. Umeme ukikatika ukirudi, kontena ni lile lile, mabadiliko yapo. Lakini siku kontena likiondolewa likawekwa jipya, yote yanakwenda nalo, kwa sababu kwenye faili la nje hayakuandikwa. Mimi ndiye niliyeliondoa. La zamani nimelifuta, hata nikililia halirudi.

Kama uliwahi kuingia ukabadilisha, hata mstari mmoja tu, niambie ni upi. Sitamwambia mtu. Nataka kurekebisha tu.

Mkweo


Alhamisi, 20 Machi

Mama wajukuu,

Barua nimepata. Macho yananisumbua wiki hii, sitaandika sana. Paa linavuja upande wa kitanda. Fundi niliyemleta kapigilia misumari michache na kuniachia matundu mengi. Nimeweka ndoo, nasikiliza matone, na hilo ndilo jambo pekee ninalolisikia vizuri siku hizi.

Mambo ya seva tutaongea siku nyingine. Mwombe Mungu.

Baba mkwe wako


Alhamisi, 27 Machi

Baba mkwe,

Shikamoo.

Jumatatu niliacha kungoja. Nilipoona barua yako inaniambia habari za ndoo, nikajua nitajizika mwenyewe au nitajifukua mwenyewe. Nikaanza upya. Nambari zote nikazitoa, nikaweka majina: mapokezi, maabara, dawa, eksirei, maiti. Sasa Bawabu haulizi tena nani kaamka wa ngapi, anaita mtu kwa jina lake. Picha nikaziongezea nafasi. Muda wa kusubiri nikaufanya dakika tano. Kila badiliko nimeliandika kwenye faili la nje, na pembeni nimeeleza kwa nini. Kisha nikaliondoa kontena kwa makusudi, nikaweka jipya, mara tatu. Likakubali mara zote tatu. Tangu Jumatatu hakuna aliyepotea.

Leo kamati imekaa. Watu saba, meza ndefu, mimi nimekalishwa ncha ya meza. Mganga Mkuu akauliza: mfumo ulitembea miaka minane bila tatizo, wewe ukaugusa ukaanguka wiki tatu, kosa ni la nani? Nikaeleza habari ya majina na nambari. Wakanisikiliza kama mtu anayejitetea. Ndipo mfamasia akauliza swali moja tu: “Aliyekutangulia alikuachia kila kitu sawasawa?”

Ningesema nini, baba? Nimsimange baba wa mume wangu mbele ya watu saba waliomfanyia sherehe ya kumuaga? Na ushahidi nilio nao ni nini, zaidi ya barua ya ndoo? Nikasema ndiyo, aliniachia kila kitu sawasawa. Nikasema kosa ni langu.

Mkataba wangu hawauendelezi. Jumatatu ndiyo siku yangu ya mwisho. Wameamua kukuandikia wewe urudi kwa muda, kwa sababu wewe ndiye mwenye kuijua mashine.

Sijaandika haya kukulaumu.

Mkweo


Alhamisi, 27 Machi

Mkwe wangu,

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara tatu. Ninapoandika hii ya nne, kamati yenu imekaa. Dereva ataichukua kesho, itakufikia siku moja baada ya kuhitajika. Hilo nalo ni kosa langu, liongeze kwenye mengine.

Uliuliza mstari mmoja. Ni kumi na mmoja.

Wa kwanza niliuandika miaka minane iliyopita, siku mapokezi yalipojaa watu mpaka barabarani na Bawabu anawachanganya. Sikuwa na muda wa kutafuta faili na kulirekebisha vizuri. Nikaingia ndani ya kontena, nikabadilisha kwa mkono, foleni ikatembea. Nikajisemea jioni nitaandika kwenye faili la nje. Jioni nikawa nimechoka. Kesho yake pakawa na jambo jingine. Mwaka uliofuata eksirei wakaleta picha kubwa, nikaingia tena. Kisha maabara na ripoti yao. Kila nikiingia nasema nitaandika kesho. Mwisho nikawa siwezi kuandika, maana kuandika ingekuwa kukiri kwamba miaka yote sikuandika. Ndipo nikabandika ile karatasi ya wino mwekundu. Watu waliiona ni amri ya bingwa. Ilikuwa woga mtupu.

Barua yako ya tarehe 10 iliponifikia nilijua umenishika. Mkwe! Tena mkwe niliyemsifu mimi mwenyewe. Ningekuwa nimeshikwa na mtu baki ningesema yaishe. Lakini kwamba utakuwa unaniandalia chakula huku unajua... Nikakutuma kufuta vumbi. Nilijua vumbi halihusiki. Nilijua nikiwa naandika.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimekula mshahara wa hospitali miaka thelathini.

Mistari ninayoikumbuka ni minane, nimekuandikia chini. Mitatu imenitoka kabisa. Nimekaa nayo tangu Jumapili, nimepiga kichwa hivi, haiji. Nisamehe kwa hiyo mitatu pia.

Baba mkwe wako


Jumatatu, 31 Machi

Kwa Mganga Mkuu,

Barua yako ya kuniita kazini nimeipata Ijumaa, mkononi mwa dereva, pamoja na ya mkwe wangu. Nimesoma yako kwanza nikavimba kichwa. Kisha nikasoma yake.

Siji. Na sababu naomba uisome mbele ya kamati yote, na mfamasia awepo.

Mfumo haukuharibika mwezi huu. Uliharibika miaka minane iliyopita, nami nikawa nimeushikilia kwa mkono usianguke, bila kumwambia mtu. Nilipostaafu nikatoa mkono, tena bila kumwambia mtu. Nilimkabidhi huyu binti faili ambalo nilijua halina yale yaliyokuwa yanafanya kazi. Aliniuliza kwa barua mara mbili, kwa adabu. Mara ya kwanza nilimdanganya, mara ya pili nikajifanya macho yananiuma. Barua zake ninazo. Ukizitaka dereva atakuletea.

Mlipomuuliza kama nilimwachia kila kitu sawasawa alisema ndiyo. Alisema hivyo kwa sababu mimi ni baba wa mume wake. Hiyo ni heshima, msiihesabu kuwa ushahidi.

Kazi mnayoniitia niifanye, yeye ameshaifanya, na ameiandika. Mimi miaka minane sikuweza. Mmemfukuza fundi mkabakiwa na sifa zangu, na sifa hazitawafungulia ukurasa wa duka la dawa.

Mliniaga kwa sherehe na hotuba. Ile saa ya ukutani mliyonipa nimempa dereva airudishe. Sikuistahili.

Wenu, fundi wa mitambo mstaafu


Jumatatu, 14 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nimerudishwa kazini Alhamisi. Barua yako Mganga Mkuu kaisoma mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno. Hata pale pa macho kukuuma hakuparuka. Hakuna aliyecheka. Mfamasia akanifuata nje kuniomba radhi, tena mbele ya watu. Mkataba nimesaini, ni wa kudumu. Saa yako wameipokea wakaitundika mapokezi, wakasema haitarudi kwako kwa sababu inasema saa sahihi.

Hayo ni ya kushukuru, na nakushukuru. Najua ilivyokugharimu.

Sasa nisikilize, maana hili nalisema mara moja tu. Niliandika kwamba sikulaumu. Ule ulikuwa uongo. Nakulaumu, baba. Nina hasira nawe mpaka nikiosha vyombo nagonga sahani. Si kwa sababu ya kazi, kazi ningepata nyingine. Ni kwamba wiki tatu nzima uliniacha niamini kuwa mimi ni mjinga. Nilisoma lile faili mpaka nikaliota. Nilianza kujiuliza kama shule nilienda kufanya nini. Mwanao alinikuta nimekaa sakafuni jikoni, akadhani kuna msiba. Na wewe ulikuwa unajua! Ulikaa na kalamu ukaniandikia habari za nyaya za buluu!

Baba yangu mzazi angenifanyia hivi ningempigia kelele mpaka majirani watoke. Wewe nilikunyamazia kwa kuwa ni mkwe, na ule ukimya ndio uliokuficha. Basi nimeamua kuanzia leo sitakunyamazia tena. Ukiona nimekukosea adabu, ujue nimekuhesabu baba.

Nitakusamehe. Bado, lakini nitakusamehe. Mwanao anakuja Ijumaa na mabati ya paa, na mimi sitakuja, nina kazi.

Kabla hasira haijaisha nina swali moja, na tafadhali usinizungushe. Mbali na Bawabu, kuna kitu kingine chochote humo ndani ulichokibadilisha kwa mkono bila kukiandika? Nijibu ndiyo au hapana.

Mwanao


Alhamisi, 17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Ndiyo. Viko vitano. Nimeviandika vyote upande wa pili wa karatasi hii, kila kimoja na mahali kilipo. Cha tatu ni kibaya, ukisome ukiwa umekaa.

Geuza.

Babako